Chakula kuandikwa kama dawa kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani: ni tiba, au ni msaada uliovalishwa koti jeupe?

#1 Kijiko_Kimoja
Wadau, salaam. Naleta hoja, mniraruwe.

Januari 2023 idara ya serikali ya Marekani inayohudumia wanajeshi wastaafu, hii VA, iliungana na Rockefeller Foundation, taasisi ya hisani, kujaribu mpango wa "chakula kama dawa". Daktari anamkuta mstaafu ana kisukari au presha na nyumbani chakula hakitoshi, anamwandikia mboga na matunda kama anavyoandika vidonge. VA ina watu takriban milioni 9 waliojiandikisha kwa matibabu, kwa hiyo kinachojaribiwa huko si kitu kidogo.

Hoja yangu: hii si tiba. Ni fedha ya chakula iliyopitishwa mlango wa hospitali. Mpe mtu fedha taslimu, atanunua chakula, sukari itashuka vilevile, na umeokoa muda wa daktari, wa mtaalamu wa lishe na wa karani wa rufaa. Anayebisha aje na kitu mkononi.

#2 Supu_Bila_Chumvi
Umeanza vizuri ukachanganya mambo matatu kwenye sufuria moja. Tuyatenganishe kwanza, la sivyo uzi huu utazunguka hadi kesho kutwa.

Kuna mlo wa tiba: umepikwa tayari na kupangwa na mtaalamu wa lishe kulingana na ugonjwa, anapewa mtu asiyeweza kununua wala kupika. Moyo uliochoka, figo, saratani. Milo hii ina historia ndefu, ilianza miaka ya 1980 na 1990 kwa wagonjwa wa UKIMWI. God's Love We Deliver ya New York ilianza 1985, Community Servings ya Boston 1990. Kuna kapu la tiba: vyakula vibichi vilivyochaguliwa kufuata ugonjwa, mtu anapika mwenyewe. Na kuna agizo la mboga na matunda: kadi yenye fedha inayokubali bidhaa hizo tu.

Hoja yako inagusa hilo la tatu, tena kwa mbali. Kwa la kwanza haisimami. Mgonjwa wa moyo aliyewekewa miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku hata umpe fedha kiasi gani, hawezi kusimama jikoni dakika 40 huku anahema.

#3 Mtazamaji_wa_Kona
Nimekaa paleee. Ngoja wajuzi waje.

#4 Takwimu_Kavu
Nimekuja na kitu mkononi, ila hakitampendeza yeyote kati ya #1 na #2.

Kwa upande wa milo ya tiba, kuna uchambuzi wa 2019 wa Massachusetts: waliopokea milo walilazwa hospitali karibu nusu ya wenzao wasiopokea. Ndiyo namba ambayo kila mtetezi huibeba. Lakini hapo hakuna aliyepangwa kundi kwa kura, yaani kwa bahati nasibu. Watafiti walilinganisha waliopata na wasiopata kwa hesabu za kurekebisha tofauti.

Kwa upande wa kapu, mwishoni mwa 2023 lilichapishwa jaribio la kura kwa wenye kisukari aina ya 2, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu) kuanzia asilimia 8 kwenda juu, ambao chakula kilikuwa shida. Kundi moja lilipewa chakula cha milo 10 kwa wiki kwa familia nzima, pamoja na mtaalamu wa lishe, wauguzi na mafunzo. Kundi lingine likasubiri zamu yake huku likiendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya miezi 6 kundi la chakula lilishuka pointi 1.5. Kundi la kusubiri likashuka 1.3. Tofauti hiyo haina maana kitakwimu.

Hao hawakuwa wanajeshi wastaafu, lakini anayesema "imethibitishwa" kwa wastaafu aseme imethibitishwa wapi.

#5 Kijiko_Kimoja
@Takwimu_Kavu asante. Yaani waliosubiri walishuka 1.3 bila kapu? Basi na mimi nimeshinda.

#6 Takwimu_Kavu
Hujashinda, wala hao hawakupewa fedha. Ukichagua watu kwa sababu kipimo chao kimepanda, ukiwapima tena wengi wataonekana wameshuka hata usipofanya lolote. Umewakuta kileleni.

#7 Zamu_ya_Usiku
Mnabishana kama chakula kina nguvu, wakati wodini shida ni kwamba kina nguvu na hakuna aliyepunguza insulini.

Chukua mfano wa mtu wa insulini ya mlo, yuniti 10 za kudumu kila anapokula, uwiano wake ni yuniti 1 kwa gramu 10 za wanga. Alizoea sahani yenye gramu 100. Sanduku jipya la tiba lina gramu 60. Anachoma zile zile 10, yaani yuniti 4 zimezidi. Kama yuniti moja kwake inashusha 40 mg/dL, anashuka 160 zaidi ya alivyokuwa akishuka. Alianza na 190? Piga hesabu mwenyewe yuko wapi saa tatu usiku.

Anayemeza metformini, kidonge cha kawaida cha kisukari, peke yake hana hatari hiyo. Hatari ipo kwa insulini na kwa vidonge vya kundi la glipizide na glyburide. Kwa hiyo agizo la chakula lisitoke kabla ya mambo haya: orodha ya dawa ipitiwe siku ileile, mtu awe na kipimo cha sukari kinachofanya kazi na vijiti visivyoisha muda, apime kabla ya kula na kabla ya kulala kwa wiki mbili za mwanzo, na ajue nani wa kumpigia akiona chini ya 70. Fedha taslimu ya #1 haina kipengele hiki hata kimoja. Ndiyo maana inapita kwa daktari.

#8 Dirisha_la_Dawa
Naunga mkono #7, na naongeza mawili ambayo hukosewa kila mara.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mtu hali mboga za majani kabisa, dozi yake imepangwa hivyo. Ghafla anapata kadi ya mboga, anakula spinachi na kale kila siku. Vitamini K inapanda, INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) inashuka, damu inaanza kuganda. Asikatazwe mboga, hilo ndilo kosa la pili. Ale kiasi kilekile kila wiki, INR ipimwe ndani ya wiki moja au mbili tangu alipobadili, dozi ifuate sahani.

Chumvi mbadala. Mtu ameambiwa apunguze chumvi, ananunua kopo la "chumvi isiyo na sodiamu". Humo ni kloridi ya potasiamu. Robo ya kijiko cha chai inaweza kubeba zaidi ya miligramu 600 za potasiamu. Ongeza lisinopril au losartan, ongeza spironolactone, dawa za presha na moyo zinazobakiza potasiamu mwilini, ongeza figo iliyochoka, na hapo moyo unaweza kusimama. Programu nyingi zinafundisha kupika bila chumvi na hazitaji kopo hilo hata mara moja.

#9 Mtazamaji_wa_Kona
Uzi ulianza na mboga, sasa tuko moyo kusimama. Naendelea kukaa kona.

#10 Banda_la_Baridi
Madaktari mmeongea, sasa sisi wa kubeba masanduku.

Sanduku la mlo mmoja ni takriban sentimita 20 kwa 15 kwa 4. Hiyo ni lita 1.2. Milo 14 ya wiki ni karibu lita 17, hujahesabu nafasi ya hewa. Mstaafu anayeishi chumba kimoja ana friji ya mlango mmoja yenye kichumba cha barafu ndani, na vichumba hivyo vingi havifiki ujazo huo wala havishiki nyuzi 18 chini ya sifuri. Anachofanya: manne yanaingia, kumi yanakaa chini kwenye ubaridi wa kawaida. Siku ya tano anakula kitu kilichoyeyuka tangu Jumatatu.

Kwa hiyo fomu ya rufaa lazima iulize: friza ina ukubwa gani, maikrowevu ipo, nani anapokea mzigo, ghorofa ya ngapi. Friza ikiwa ndogo, peleka milo 7 mara mbili kwa wiki, usipeleke 14 mara moja. Mzigo wa ubaridi usizidi nyuzi 5 mlangoni. Kupasha: toboa plastiki, nusu ya muda toa ukoroge, rudisha, acha itulie dakika 2, katikati ifike nyuzi 74. Maelekezo hayo yaandikwe kwa herufi kubwa juu ya kifuniko, si kwenye karatasi iliyokunjwa chini ya sanduku.

#11 Supu_Bila_Chumvi
@Banda_la_Baridi umenena. Na hesabu yako inafunua jambo ambalo majaribio yanalipita haraka. Wiki ina milo 21. Programu ikitoa 10, milo 11 iko mikononi mwa mtu mwenyewe. Sanduku letu lina miligramu 600 za sodiamu, safi kabisa. Jioni anafungua kopo la supu, na kopo zima la kawaida linapita miligramu 1,500. Tumefanya nini hapo?

Ndiyo maana nasema lile jaribio la 2023 halikupima "chakula kama dawa". Lilipima nusu dozi.

#12 Takwimu_Kavu
Nilijua utafika hapo. Kila dawa isiyofanya kazi mtetezi wake husema dozi ilikuwa ndogo. Siku likija jaribio la milo 21 lisilo na tofauti, utasema muda ulikuwa mfupi.

#13 Supu_Bila_Chumvi
Na wewe siku likija lenye tofauti utasema ni wale waliokutwa kileleni. 😄

#14 Mlango_wa_Rufaa
Mnasahau kuwa mgonjwa lazima kwanza apatikane, na hapo ndipo VA ilihangaika miaka.

Kuanzia 2017 kliniki zake ziliuliza swali moja: katika miezi 3 iliyopita uliwahi kuishiwa chakula na kukosa fedha ya kununua kingine? Mamilioni waliulizwa, waliokiri wakawa chini ya asilimia 2. Huku utafiti wa 2015 kwa waliopigana Iraq na Afghanistan ulionyesha zaidi ya robo wana shida ya chakula.

Baadaye wakahamia maswali mawili yanayotumika sehemu nyingi: miezi 12 iliyopita ulikuwa na wasiwasi kuwa chakula kitaisha kabla ya kupata fedha, chakula ulichonunua hakikudumu na hukuwa na fedha ya kuongeza. Jibu ni mara nyingi, mara nyingine, kamwe. Ukisema mara nyingi au mara nyingine kwa lolote, umeingia. Kwa mtu aliyefundishwa jeshini asilalamike, kukubali kuwa na wasiwasi ni kwepesi kuliko kukubali kuishiwa.

Namna ya kuuliza pia: usiulize mbele ya mke au watoto, usiulize kwa sauti kwenye meza ya mapokezi, mpe karatasi au kishikwambi ajaze. Wengi hukataa wakisema wapo wanaohitaji zaidi yao. Jibu lenye kufanya kazi ni kumwambia hili ni sehemu ya matibabu yake na kwamba akichukua hampunguzii mwingine.

#15 Takwimu_Kavu
@Mlango_wa_Rufaa nakukosoa kidogo. Hiyo robo ya 2015 ni ya wastaafu wa vita viwili, waliokuwa wakitumia kituo cha VA na waliokubali kujibu dodoso. Takwimu za taifa za Wizara ya Kilimo kwa 2015 hadi 2019 zinasema wastaafu wenye umri wa kufanya kazi wanaoishi kwenye kaya zenye upungufu wa chakula ni asilimia 11.1. Bado ni mara nyingi zaidi ya ile asilimia 2, kwa hiyo hoja yako kuhusu swali inabaki. Ila robo isitembee peke yake mitaani.

#16 Mlango_wa_Rufaa
Nimekubali, asante.

#17 Siku_ya_Kwanza
Naomba nimrudie mwenye uzi, maana kuna kitu amekigusa bila kukimaliza. Kama ni fedha, kalenda ingeonyesha. Na inaonyesha. Kule California rekodi za 2000 hadi 2008 zilipochambuliwa, watu wa kipato cha chini walilazwa kwa sukari kushuka asilimia 27 zaidi wiki ya mwisho ya mwezi kuliko wiki ya kwanza. Wenye kipato cha juu hawakuonyesha wimbi hilo. Malipo ya ulemavu ya VA huingia siku ya kwanza ya kazi ya mwezi. Kwa hiyo kadi ya mboga ijazwe tarehe 18 au 20, isijazwe tarehe 1 wakati mfuko umejaa. Gharama ya mabadiliko hayo ni sifuri.

Halafu kuna SNAP, fedha za chakula za serikali kuu. Sheria ya 2023 iliwaondolea wanajeshi wastaafu kikomo cha miezi 3 ndani ya miaka 3 kwa wasiofikisha saa 80 za kazi kwa mwezi. Sheria ya Julai 2025 ikaufuta msamaha huo na kupandisha umri wa kubanwa hadi 64. Sasa kliniki inaandika mboga kwa mkono mmoja huku mtu huyohuyo anaweza kupoteza fedha ya chakula chote kwa mkono mwingine.

La vitendo: malipo ya ulemavu ya VA yanahesabiwa kama kipato kwenye SNAP, na wengi huishia hapo wakadhani hawastahili. Lakini aliyepimwa na VA kuwa na ulemavu kamili anahesabiwa mlemavu, kwa hiyo gharama zake za matibabu zinazopita dola 35 kwa mwezi zinakatwa kwenye kipato. Nauli za kwenda kliniki nazo zimo. Watu hawapeleki risiti.

#18 Kijiko_Kimoja
@Siku_ya_Kwanza wewe ndiye wakili wangu. Nimefunga kesi.

#19 Zamu_ya_Usiku
Hujafunga kitu. Sukari kushuka wiki ya mwisho ni mtu anayechoma insulini bila kula. Hilo linaweza kutibiwa kwa fedha, kwa chakula, au kwa daktari kupanga dozi inayovumilia siku ya njaa. Umechagua moja kwa sababu ndiyo yako.

#20 Foleni_ya_Kaunta
Niwapeleke mnakokukimbia: kwa keshia.

Kadi ya mboga haijui mboga. Inajua namba. Programu inapakia orodha ya misimbo inayokubalika. Tunda la kupimwa lina namba ya tarakimu nne kwenye kibandiko, ndizi ni 4011, ikiwa ya kilimo hai inaongezwa 9 mbele, 94011. Hapo sawa. Lakini duka likikata tikiti lenyewe na kulipima nyuma, linachapa msimbo wake wa ndani unaoanza na 2. Msimbo huo hauko kwenye orodha ya nje. Kadi inakataa, tikiti ni tikiti.

Kosa la pili ni kulipa kwa mafungu. Mtu ana mboga na sabuni. Kadi inalipa mboga, mashine inadai salio kwa njia nyingine. Keshia asiyejua anaona neno la kukataliwa, anafuta yote, foleni nyuma inaguna. Mstaafu anaacha mzigo anaondoka, na harudi. Kwenye ripoti atahesabiwa mtu aliyepewa mboga asipende mboga.

Anayebuni mpango awafundishe makeshia kwanza, amwambie mteja atenganishe mboga na vitu vingine, mafungu mawili kwenye mkanda wa kaunta, na mboga za kugandishwa zisizo na mchuzi ziwemo kwenye orodha. Hizo hazimwozei.

#21 Kimya_Kimya
Kuna mambo ya wastaafu wenyewe hamjayagusa. Huyu si mgonjwa wa kisukari wa kawaida aliyevaa kofia ya jeshi.

Mwenye jeraha la ubongo anaweza kupoteza uwezo wa kunusa. Chakula cha chumvi kidogo kwake ni karatasi, ataongeza chumvi hadi akisikie. Mpe ukali wa ndimu, siki, pilipili, na kitu cha kutafunika. Harufu ya viungo haimfikii. Pia anasahau jiko likiwaka, kwa hiyo kapu la kupika mwenyewe ni hatari, apewe mlo tayari.

Mwenye kiwewe cha vita: usimgongee mlango bila taarifa. Ujumbe wa simu dakika 15 kabla, dereva yuleyule, mzigo uwekwe mahali palepale. Ghala la chakula lenye foleni na kelele hatakuja, hata liwe ndani ya hospitali. Na angalia dawa zake: mirtazapine, olanzapine na quetiapine zinaongeza hamu ya kula, hasa usiku. Ukimlaumu kwa uzito bila kuangalia karatasi ya dawa unampoteza. Topiramate inafanya kinyume, sanduku zinarudi nusu.

Aliyepooza kwa jeraha la uti wa mgongo anatumia nishati kidogo kuliko vitabu vinavyosema, na nyuzinyuzi zikiongezwa ghafla zinavuruga ratiba yake ya choo. Panda polepole kwa wiki kadhaa, pamoja na maji.

#22 Mtazamaji_wa_Kona
Hii #21 ibandikwe juu.

#23 Sufuria_Mbili
Kwa wa figo, msiwanyime viazi na mboga zote. Menya, kata vipande vidogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga maji. Potasiamu inaondoka karibu nusu au zaidi. Kuloweka tu kwenye maji baridi usiku kucha hakusaidii sana, japo vipeperushi vingi bado vinasema hivyo.

#24 Dirisha_la_Dawa
Sawa, ila kwa figo mwizi mkubwa ni fosforasi ya viungio kwenye nyama za kusindikwa. Ya kwenye maharage mwili unachukua takriban nusu. Ya viungio inaingia karibu yote. Lebo haitoi kiasi, kwa hiyo tafuta neno lenye "fosfeti" kwenye orodha ya viambato. Ukimwondolea maharage ukamwachia soseji umefanya kinyume.

#25 Supu_Bila_Chumvi
Kwa hiyo @Kijiko_Kimoja, fedha yako taslimu itamwambia mtu haya ya #7, #8, #21 na #24?

#26 Kijiko_Kimoja
Haitamwambia. Lakini hayo yote ni kazi ya mtaalamu wa lishe na mfamasia, na VA inao tayari, pamoja na majiko ya mafunzo na mpango wake wa uzito wa MOVE!. Kwa hiyo kinachotibu ni hao watu, na chakula ni nauli ya kumfanya mgonjwa arudi kliniki. Nimebadili hoja, sijasalimu amri.

#27 Takwimu_Kavu
Hiyo hoja mpya inapimika. Makundi manne kwa kura: fedha tu, chakula tu, mtaalamu wa lishe tu, na chakula pamoja na mtaalamu. Fuatilia mwaka mmoja, maana HbA1c inabeba takriban miezi 3 ya nyuma na programu ya wiki 12 inaishia pale kipimo kinapoanza kusema. Hesabu siku za kulazwa na sukari kushuka, usihesabu kilo za mboga zilizogawiwa.

#28 Banda_la_Baridi
Na muandike ni masanduku mangapi yaliliwa, siyo mangapi yalifika. Mkiweka kundi la chakula tu, nani atauliza ukubwa wa friza?